Ulimi wa Mama Oveni

Mama Oveni aliugua homa siku tisa. Siku ya kumi aliamka, akaoga, akamwambia mumewe kwamba amepona, akajimiminia chai. Chai haikuwa na ladha. Akaongeza sukari kijiko kimoja, akaongeza cha pili, akaongeza mpaka mumewe akauliza kama anapika jemu. Akachovya kidole kwenye kopo la chumvi, akakilamba, na ilikuwa kama kulamba ukuta. Akakata kitunguu, akakinusa. Machozi yalimtoka kama kawaida, lakini pua haikuleta habari yoyote. Akajisemea, itarudi tu. Wiki ikapita, mwezi ukapita, ukaingia wa nne, na ladha haikurudi.

Hospitali alikwenda, msimwone mjinga. Daktari alimmulika kwa tochi, akamnusisha vichupa vitatu, akaandika andika, akasema homa imeharibu mishipa ya kunusia na kuonja. Huenda ikapona, huenda isipone, asubiri. Akauliza, huku macho yake yako mlangoni kwa mgonjwa anayefuata, "Unafanya kazi gani, mama?" Mama Oveni akajibu kwamba anafanya usafi. Uongo ule ulimtoka wenyewe, hata yeye alishangaa.

Najua kuna mtu atasema, ah, ladha tu! Wapo wasio na miguu! Haya, mwambie hayo fundi wa makochi asiye na mikono. Huyu mwanamke alikuwa mpishi, tena si mpishi wa kuchemsha mayai. Aliingia jikoni mwa ile hoteli akiwa na miaka kumi na tisa, akapewa kreti la soda lililopinduliwa, akaambiwa akae karibu na mlango wa nyuma amenye viazi. Akamenya viazi miaka saba. Kidole gumba chake cha kushoto kina makovu ya kisu mpaka leo. Mwaka wa nane aliyekuwa akisimamia oveni aliacha kazi ghafla, trei ya samaki ikiwa ndani, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alimtoa yule samaki kwa wakati, na tangu siku hiyo hakuondoka pale. Ndipo alipopata hilo jina, na ndani ya miaka kumi na miwili hata mumewe alikuwa akisahau kwamba ana jina jingine.

Samaki mwenyewe ni samoni, wa bahari za baridi. Alikuwa akifika hotelini kwenye maboksi ya barafu, nyama yake rangi ya karoti, na wageni walimwagiza kuliko kitu kingine chochote. Mama Oveni alimpangusa maji, akamlaza kwenye trei ngozi ikiwa chini, akampaka sosi kwa brashi, akamtia motoni, akampaka tena katikati ya safari, na baada ya dakika kumi na mbili akamtoa anang'aa. Sosi ndiyo ilikuwa yenyewe. Asali, sosi ya soya, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, na pilipili nyekundu ya kusaga. "Utamu unatangulia, ukali unafuata," alipenda kujisifu. "Mgeni anakuja kujua kaungua akiwa keshameza." Na hakupima hata siku moja. Waliopima kwa vikombe na vijiko aliwaita wapishi wa duka la dawa.

Baada ya homa alibaki na macho, masikio na vidole. Macho yalimwambia asali imeshika, kwa sababu mapovu makubwa yamegeuka madogo. Masikio yalisikia mafuta ya ngozi yakilia kwenye trei. Kidole kilibonyeza nyama na kujua imeiva. Hata pilipili aliijua, maana pilipili hujitangaza yenyewe, jasho likimtoka juu ya nyusi basi imetosha. Lakini chumvi, sukari na ndimu zilikuwa zimezimika kabisa. Alizitia kwa mazoea, kama mtu anayeshuka ngazi umeme umekatika.

Kwa nini hakumwomba mtu amwonjee? Swali zuri. Jikoni mwao kulikuwa na desturi moja iliyoheshimiwa kuliko saa ya kuingia kazini. Kila mpishi alikuwa na kijiko chake kwenye mfuko wa aproni, na hakuna aliyechovya kijiko kwenye sufuria ya mwenzake. Kijiko chako ni mswaki wako, walisema. Kumwambia mwenzako "hebu nionjee" ilikuwa sawa na kuvua aproni mbele ya watu. Na aliyeilinda desturi hiyo kwa ukali kuliko wote alikuwa nani? Yeye mwenyewe. Mwaka mmoja mpishi wa supu, kijana wa watu, alithubutu kuchovya kwenye sosi yake, akapigwa mwiko wa mkono mpaka ukavimba. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ikabaki nyumbani. Na nyumbani nako kulikuwa na sheria.

Wiki ya kwanza ya ndoa yao, mumewe, ambaye mtaani anaitwa Fundi Makochi, alisema kwa upole kabisa kwamba maharage hayajaiva vizuri. Siku hiyo kazini sahani mbili zilikuwa zimerudishwa na msimamizi amemfokea mbele ya watu. Bibi harusi aliweka kijiko chini akalia hadi bwana harusi akataka kuita majirani. Alipomaliza kulia, akafuta uso, akatangaza, "Huko kazini nakosolewa tangu asubuhi. Hapa mezani hakuna kukosoa. Asiyependa chakula aseme ameshiba, basi." Fundi Makochi akakubali. Yeye ni mtu anayeshinda na misumari midogo mdomoni, anaitoa mmoja mmoja na kuipigilia kwenye mbao za makochi, kwa hiyo kunyamaza hakumgharimu kitu. Mtoto wao wa kike, wanayemwita Kasuku kwa sababu ya domo lake, alijifunza sheria akiwa na miaka sita. Alisema uji una madonge, akalala na njaa. Sasa ana miaka kumi, na akiulizwa jibu lake liko tayari kabla ya swali kuisha: "Tamu, mama."

Basi miezi minne yote Mama Oveni aliishi kwa neno hilo. Alipika, akapakua, akakaa akiwaangalia midomo. "Tamu?" "Tamu, mama." "Baba Kasuku?" "Tamu, mke wangu." Sahani zikarudi nyeupe. Usiku aliujaza moyo wake matumaini: mkono wangu unakumbuka, ulimi umekufa lakini mkono unakumbuka. Jamani, angefanya nini? Ndiyo kamba pekee aliyokuwa nayo, akaing'ang'ania kwa mikono miwili.

Kumbe kule hotelini sahani za samoni zilikuwa zimeanza kurudi. Kwanza moja, imeliwa nusu. Kisha tatu siku moja. Mama Oveni alisema wageni wa siku hizi hawajui kula, na wenzake wakacheka naye. Kisha akaletwa Mpishi Mkuu mpya, mtu mfupi, mpole, anayetembea kama ana viatu vya sufi, na wiki yake ya pili akabandika karatasi ukutani. Jumatano saa nne asubuhi kila mpishi atapika chakula chake kikuu, naye Mpishi Mkuu ataonja kimoja kimoja. Atakayeshindwa atahamishiwa mahali pake.

Mama Oveni aliisoma karatasi ile mara nne. Mahali pake! Alikuwa na miaka thelathini na minane, na alijua mahali pa wanaohamishwa ni wapi, kwa sababu kutoka kwenye oveni, mlango wa nyuma ukiwa wazi, kreti la viazi lilikuwa linaonekana. Usingizi ukamkimbia. Chakula hakikupita, si kwamba kingekuwa na ladha.

Jumapili akafanya jambo ambalo angemcheka mwingine. Akapima. Wapishi waliruhusiwa kuchukua mikia ya samoni, kwa kuwa mgeni hapelekewi mkia, naye akabeba mikia mitatu, pamoja na chupa ndogo ya sosi ya soya aliyoijaza kutoka kwenye dumu jipya la stoo, ili asije akafanya mazoezi na kitu kimoja na mtihani na kingine. Akawasha oveni yake ndogo ya nyumbani. Vijiko sita vya asali, vijiko vinne vya soya, pilipili kijiko kimoja na nusu, kila kitu akakiandika nyuma ya kalenda. Hakujua kwamba soya ya dumu lile ilikuwa nzito, na chumvi yake mara mbili ya ile ya zamani. Angejuaje? Rangi ilikuwa ileile.

Wakakaa mezani. Fundi Makochi akatia kipande kinywani, akatulia kidogo, akameza.

"Nataka ukweli leo," mkewe akasema. "Nina jambo kazini. Ikoje?"

Hapa ndipo Mama Oveni angeweza kuokoka. Fundi Makochi alimtazama mkewe. Aliona macho mekundu yasiyolala, na mwanamume yule, kwa mapenzi yake yote, akasema, "Tamu sana. Niongezee."

"Kasuku?"

Kasuku alimwangalia baba yake. "Tamu, mama."

Wakala yote, wakamaliza. Fundi Makochi akanywa maji glasi tatu mfululizo, Kasuku akanywa mbili na kwenda jikoni kutafuta ya tatu. Mama Oveni aliyaona yale maji, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Pilipili imekubali! Ukali umefuata! Akaikata ile karatasi ya kalenda, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa aproni pamoja na kijiko chake.

Jumatano alipika kwa karatasi ile. Alizidisha kila kipimo mara tano, akakoroga, akasubiri mapovu yawe madogo, akapaka, akatia ndani, akapaka tena. Alipoitoa trei, hata dada wa masinki aliacha masufuria yake na kusema, "Aa, leo umempendezesha samaki, Mama Oveni!" Ni kweli alipendeza. Juu anang'aa, pembeni pameungua kidogo tu, mahali pale pazuri.

Mpishi Mkuu alikata kipande, akatia kinywani. Hakukunja uso hata kidogo. Akatafuna, akameza, akaweka uma chini taratibu.

"Mama, umeionja mwenyewe?"

"Mara tatu."

"Hebu tuonje pamoja."

Mama Oveni akachukua uma. Akatafuna, na watu wote wakimtazama. Mdomoni mlikuwa na kitu cha moto na laini, basi. Akatikisa kichwa kama anayeridhika.

"Iko kama ninavyoitaka," alisema. "Utamu unatangulia, ukali unafuata."

 Mpishi Mkuu akakata kipande kingine, akampa mpishi wa supu, yuleyule aliyewahi kupigwa mwiko. Kijana akasita, maana desturi ni desturi, kisha akala. Macho yakamtoka. Akakimbilia bombani, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Aliporudi hakucheka. Alisimama akiangalia sakafu, na hapo ndipo Mama Oveni alipojua kwamba amekwisha. Kijana angecheka, angalau Mama Oveni angepata mtu wa kumkasirikia.

"Mama," Mpishi Mkuu alisema kwa sauti ya chini, "wewe huonji kitu."

"Ni ile soya mpya," alisema haraka. Alikuwa ameanza kuelewa. "Ni ile ya dumu jipya, chumvi yake..."

"Ni hiyo. Ila mwenye ulimi angejua kabla ya kuwasha moto."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama Oveni alimshika yule bwana mkono, mbele ya watu wote, yeye aliyekuwa hamshiki mtu mkono. Akaomba. Atapima kila kitu, kila siku, hadi punje ya chumvi. Apewe wiki. Apewe mtu wa kumwonjea, hata huyu kijana wa supu, hata dada wa masinki, atawaomba radhi wote. Macho anayo, vidole anavyo, waulize wote kama amewahi kuunguza samaki hata mmoja! Aliongea mpaka sauti ikakatika.

Mpishi Mkuu hakuutoa mkono wake. "Siku samaki akiwa ameanza kuharibika kwenye boksi," aliuliza, "utamjua kwa pua ipi?"

Mama Oveni akauachia ule mkono. 

"Ulimi ukirudi, njoo, oveni ni yako. Kwa sasa nenda kwenye viazi. Viazi havionjwi."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana liliuma hivyo. Kreti la soda lilikuwa lilelile, au ndugu yake. Mama Oveni alimenya viazi tangu saa tano hadi saa kumi. Dada wa masinki alimpitishia chai bila neno, akaiweka chini karibu na mguu wake. Chai ikapoa hapohapo.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Fundi Makochi alikuwa sebuleni, ambako ndiko karakana yake, amepiga magoti mbele ya kochi lililopinduliwa, springi nje, misumari mdomoni. Alitabasamu kwa pembe ya mdomo isiyokuwa na misumari. Mkewe akapita. Akaweka mezani kopo la plastiki, akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha samoni kilichobaki kwenye trei.

"Njooni mle," alisema.

Fundi Makochi akatema misumari kiganjani, akanawa, akakaa. Kasuku akafunga daftari lake, akakaa. Sauti ya Mama Oveni haikuwa ya kawaida.

"Kuleni, halafu mniambie. Ile sheria imekufa leo."

Fundi Makochi akala. Akameza. "Ta..."

"Usithubutu, Baba Kasuku!"

Fundi Makochi akaweka uma chini. Mikono yake mikubwa ikabaki juu ya meza, haijui ifanye nini. Kasuku alimwangalia baba, akamwangalia mama.

"Ina chumvi, mama," akasema. "Ina chumvi sana. Ya Jumapili nayo ilikuwa na chumvi. Na supu ya juzi haikuwa na chumvi kabisa. Na maharage yalikuwa na sukari, mama, yale maharage uliweka sukari." Domo lililofungwa miezi minne likafunguka, na yote yakatoka: mchuzi ulioungua, maziwa yaliyochacha, mayai yasiyolika waliyompa paka. Mwishoni alikuwa analia kwa kwikwi. "Baba alisema tusikwambie. Alisema utavunjika."

Mama Oveni alimgeukia mumewe. 

"Niliipima," alisema. "Ile 'tamu sana' yako. Niliipima kwa vijiko, nikaiandika, nikaipeleka kwa watu. Wamenirudisha kwenye viazi, mume wangu."

"Nilidhani inapita," Fundi Makochi alisema. "Kila siku nilisema itapita kesho. Na ulikuwa unauliza kwa macho yale..." Hakumaliza. Alificha uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika, mtu mzima yule.

Mama Oveni alitaka kumchukia. Nawaambia kweli, alitaka sana, ingekuwa rahisi. Lakini alikumbuka maharage, na bibi harusi anayelia, na nani aliyeweka sheria. Alikumbuka glasi tatu za maji. Alikumbuka sahani zote zile nyeupe, na ndipo akaona zilikuwa nyeupe kwa nini. Mtu alikuwa amekaa hapa miezi minne anameza kila kitu ili asimvunje moyo. Na oveni imekwenda vilevile.

Alivuta kopo mbele yake. Akachukua uma wa mumewe, akakata kipande, akakiweka kinywani. Akatafuna polepole. Ilikuwa kama kutafuna pamba iliyoloa.

"Nielezeni," alisema.

"Nini?"

"Ikoje. Nataka kujua ikoje. Niambie wewe, Baba Kasuku."

Fundi Makochi alifuta uso kwa mkono wa shati. Miaka yote hakuwahi kutafuta neno la chakula, na sasa alilitafuta, midomo ikijaribu bila sauti. "Kwanza," alisema, "ni misumari. Kama umekaa na misumari mdomoni tangu asubuhi, ile ladha ya chuma. Inakaza shavu hapa." Akagusa shavu lake. "Halafu pilipili. Halafu, mbali sana, asali."

"Mbali wapi?"

"Nyuma. Ukishameza."

Mama Oveni akafumba macho, akameza, akaitafuta kule nyuma alikoambiwa.  Hakukuta kitu.

"Endelea," alisema, akakata kipande kingine.